Barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Lamu: sampuli ya MS hufia njiani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu, waheshimiwa wajumbe wa Bunge la Kaunti, na wasimamizi wa hospitali zetu,

Assalamu alaykum, na salamu kwenu nyote.

Wanaowaandikia ni wale wanaozishika sampuli kwa mikono: watu wa maabara, wauguzi wa wodi, wasaidizi wanaosoma fomu za ridhaa vibarazani, na manahodha wanaobeba masanduku. Kila utafiti wa MS unapotajwa, swali la kwanza huwa mashine: ipi inunuliwe, kwa bei gani, na ikae jengo gani. Hatuna ugomvi na mashine. Lakini katika ugonjwa huu, linaloamua kama jibu litakuwa la kweli au la uongo hutendeka mbali na meza ya maabara: mgongoni mwa mgonjwa, kwenye lebo, ndani ya boti, kwenye soketi ya friza. Na hayo yote yako chini yenu. Mtafiti wa ng'ambo hana amri juu ya mafuta ya boti ya Amu, mji wetu wa Lamu.

Kwa asiyeujua, maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka kuishambulia mayelini, yaani utando wa mafuta unaovika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Jean-Martin Charcot wa Paris aliueleza mwaka 1868. Hesabu ya dunia ya 2020 ilifikia watu milioni 2.8. Karibu na ikweta huonekana kwa uchache kuliko Ulaya ya kaskazini, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ila pasipo na daktari wa neva, uchache wa waliohesabiwa hautuambii idadi ya wanaougua. Mtu akiona ukungu jicho moja kwa wiki tatu kisha likarudi, na mwaka wa pili miguu ikafa ganzi, mtaani ataambiwa ana upepo mbaya, na atapelekwa kwa mganga kwanza. Sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu urithi wa MS imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo sababu watafiti wanazitaka sampuli za pwani hii, na ndiyo sababu kaunti ina haki ya kuweka masharti.

Kabla ya kufika kwenye maji ya mgongo, yale yanayozunguka ubongo na uti na kutolewa kwa sindano, yako magonjwa kadhaa yanayovaa kanzu ya MS. Ukosefu wa vitamini B12, kaswende iliyoingia kwenye neva, VVU, kifua kikuu cha mgongo, kichocho kilichotua kwenye uti, virusi vya HTLV-1: kila kimoja chaweza kumlaza mtu miguu. VVU na kaswende ni vipimo vya dakika chache katika kituo chochote. Kisha yuko ndugu wa karibu zaidi, nyuromayelitisi optika, NMO. Mwaka 2004 iligunduliwa kingamwili inayoutambulisha, na 2005 ikajulikana kwamba inalenga protini iitwayo akwaporini-4. Huu huwapata watu wenye asili ya Afrika kuliko Wazungu, na baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta, fingolimodi na natalizumabu, zaweza kumzidishia anayeugua. Kwa hiyo huku kwetu kipimo cha kutanguliza ni hicho cha damu. Seramu, yaani maji yanayobaki damu ikiganda, mililita 2 zinatosha, itolewe kabla mgonjwa hajabadilishwa plazima (maji ya damu yake), na hustahimili siku kadhaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Haihitaji friza kubwa wala mfadhili. Kwa hili moja, Mheshimiwa, hakuna mradi wa kungojewa.

Sasa maji ya mgongo, na hapa tutakaa kidogo.

Ndani yake hutafutwa mistari ya oligokloni, alama ya kingamwili zinazotengenezwa ndani ya mfumo wa neva wenyewe. Mistari hiyo husomwa sambamba na damu ya mtu yuleyule iliyotolewa siku ileile. Ikionekana pande zote mbili kwa sura moja, imetoka kwenye damu na haisemi lolote kuhusu ubongo. Maji ya mgongo yaliyofika peke yake, bila tyubu ya damu, ni mgonjwa aliyechomwa sindano bure. Na uzito wa mistari hii umeongezeka: kwa vigezo vya McDonald vya kuutambua ugonjwa huu, vilivyorekebishwa 2017, yaweza kusimama mahali pa kungojea shambulio la pili. Kwa mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, kungoja huko ni miezi mingi, pengine miaka, bila jina la ugonjwa na bila dawa.

Utaratibu ambao maabara za MS zilikubaliana na kuuchapisha mwaka 2009 si mgumu. Toa angalau mililita 12. Mililita 1 hadi 2 za mwanzo ziende kwenye hesabu ya chembe na vipimo vya kawaida, na hesabu hiyo ifanyike ndani ya saa moja, kwa sababu chembe nyeupe hupasuka zikikaa. Yaliyobaki yazungushwe kwenye sentrifuji, mashine ya kutenga chembe, kwa nguvu ya 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia) dakika 10 katika joto la kawaida la chumba, yagawanywe kwenye vichupa vidogo, na yawe ndani ya friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kabla saa 2 hazijapita tangu sindano itoke. Chembe nyekundu zikizidi 500 kwa mikrolita moja, hayo si maji ya mgongo tena kwa kazi ya utafiti. Sindano imegonga mshipa.

Vichupa navyo viwe vya polipropilini. Bohari huleta chochote kilichoandikwa "tyubu", kwa kuwa oda haikusema zaidi. Tofauti inaonekana kwa macho: inue kwenye mwanga, polipropilini ina ukungu kidogo na hubonyea ukiibana, polistirini inang'aa kama glasi na hupasuka kwa mlio. Hiyo ya pili hunasa protini kwenye ukuta wake. Protini iliyobaki ukutani mashine haiioni, na mtafiti ataandika kwamba mgonjwa anayo kidogo. Basi oda iandike jina la plastiki yenyewe.

Na sindano. Ile yenye ncha butu kama ya penseli, namba 22 au nyembamba zaidi, husukuma nyuzi za utando kando badala ya kuzikata, kwa hiyo maji hayaendelei kuvuja na kichwa hakimuumi mgonjwa kwa siku kadhaa. Ni ghali kuliko ile ya kawaida. Kumlaza mtu chali kutwa nzima au kumnywesha maji mengi hakukuonekana kuzuia maumivu hayo; sindano ndiyo inayozuia. Fikirini mtu wa Siyu arudi nyumbani kwa boti, kila wimbi likimpasua kichwa. Kijiji kizima kitasikia, na mwaka huo hakuna mwingine wa Siyu atakayekubali.

Tunarudi kwenye kuzungusha, kwa kuwa hapo ndipo makosa hufanyika bila mtu kujua kwamba amekosa. Karatasi ya utaratibu husema 400 g. Kioo cha sentrifuji husema mizunguko kwa dakika. Hivyo si kitu kimoja. Nguvu ni 0.00001118 mara nusukipenyo cha rota (kichwa kinachobeba tyubu) kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Rota yenye nusukipenyo cha sentimita 10 hufika 400 g kwa mizunguko 1,890 hivi. Yenye sentimita 15 inahitaji 1,545 tu. Mashine ya zamani ikiharibika, ikaazimwa ya wodi nyingine, na fundi akabonyeza 1,890 yake ya kila siku, rota ikiwa ya sentimita 15 atakuwa anazungusha kwa karibu 600 g. Zikipigwa kwa nguvu kupita kiasi, chembe zaweza kupasuka na kumwaga yaliyomo ndani ya maji yaliyokuwa safi. Hakuna kengele itakayolia, na kichupa kitaonekana safi kama kawaida. Dawa yake ni rula na kipande cha karatasi: pima kutoka katikati ya mhimili hadi ncha ya chini ya tyubu ikiwa imelala, piga hesabu, andika jibu kwa kalamu nzito, libandike kwenye kifuniko cha mashine. Kazi ya robo saa kwa kila sentrifuji ya kaunti, na hakuna tenda inayohitajika.

Anayedhani tunavuta mambo na akumbuke kisa cha sistatini C. Mwaka 2006 ilitangazwa katika jarida la heshima kwamba wagonjwa wa MS wana kipande kilichokatika cha protini hiyo katika maji ya mgongo, na kwamba huenda kikawa kipimo cha ugonjwa. Mwaka uliofuata maabara nyingine zilionyesha kuwa protini hukatika yenyewe sampuli ikihifadhiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwenye 80 haikatiki. Walichokuwa wakikipima ni friza. Na friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, waheshimiwa, ndiyo inayopatikana kila mahali, ndiyo ile ambayo mtu husema "si ni barafu vilevile, weka humo mpaka Jumatatu." Kwa mistari ya oligokloni ya mgonjwa wa kawaida anayetaka jibu la daktari, friji ya nyuzi 2 hadi 8 kwa siku chache haina neno, kwani IgG, kingamwili zinazotafutwa, ni ngumu. Kwa utafiti, hapana. Kazi hizi mbili zisichanganywe kwenye rafu moja, na fomu iseme waziwazi ni ipi.

Fomu hiyohiyo ina mtego mwingine ambao wageni hawauwazii kabisa. Muuguzi ametoa maji saa tatu asubuhi. Ameandika 3:00. Mtu wa maabara, aliyezoea saa ya simu, ameyapokea na kuandika 9:40. Ni dakika 40, ila kwenye kompyuta ya mradi ni saa 6 na dakika 40, na sampuli njema inatupwa. Kinyume chake ni kibaya zaidi: iliyokaa muda mrefu ikaonekana imewahi. Iandikwe saa ya tarakimu nne, 09:00 au 15:00, na fomu iwe na visanduku vinne ili asiyejua alazimike kujua. Siku iandikwe kwa jina la mwezi, kwa sababu Marekani huanza na mwezi. Majina nayo, mnaijua Amu: akina Mohamed Ali ni wangapi? Namba ya utafiti na mwaka wa kuzaliwa viende pamoja kwenye mwili wa kichupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Lebo ibandikwe kichupa kikiwa kikavu na hakijaganda. Juu ya theluji gundi haishiki. Wino wa kalamu ya kawaida hufutika kwa tone moja la spiriti.

Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri hula uniti 10 hadi 20 za umeme kwa siku, kulingana na umri wake. Nyingi zimetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. Kaskazi ikiwa imekaza, chumba kidogo chenye friza inayotema joto na dirisha moja hupita hapo adhuhuri, na kompresa huanza kufanya kazi bila kupumzika hadi ife. Kwa hiyo bei ya friza ni pamoja na kiyoyozi, kidhibiti cha volti, na jenereta inayojiwasha. Kichujio chake cha vumbi kisafishwe kila mwezi. Hewa ya chumvi ya hapa haina huruma na kondensa. Theluji kwenye mpira wa mlango ikwanguliwe kila wiki kwa plastiki, kamwe si kwa kisu. Friza ikiwekwa kwenye 70 badala ya 80, umeme hupungua sana, hata kwa theluthi moja. Wafadhili wengine hukubali wakiombwa, kwa hiyo waombwe. Nafasi tupu zijazwe chupa za maji yaliyoganda, kwani friza tupu hupanda joto upesi umeme ukikatika. Na kengele ipige simu ya mtu aliye zamu, mwenye ufunguo, anayelipwa kwa usiku huo. Kengele inayolia katika chumba kilichofungwa humsumbua paka tu.

Kuna shauri letu ambalo huenda likawashangaza: mkiwa na fedha za kitu kimoja, msianze na friza. Anzeni na sentrifuji nzuri na watu wawili waliofunzwa, upande damu inakotolewa. Sababu ni boti. Damu isiyotenganishwa ikipigwa na mawimbi, chembe nyekundu hupasuka na seramu huwa ya pinki. Ikishatenganishwa, inasafiri. Kwa hiyo Faza na vituo vingine vya Pate vipewe tyubu zenye jeli na sentrifuji ndogo: damu isimame wima dakika 30 igande, izungushwe, jeli ipande katikati kama ukuta, ndipo ipande boti. Maji ya mgongo yatolewe Amu tu.

Halafu siku ya kliniki. Kuipanga "kila Jumanne" kunapendeza kwenye kalenda ya ofisini, lakini bahari haifuati Jumanne. Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, hupitika maji yakijaa. Maji husogea kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo Jumanne moja ya maji mafu boti ya Pate itapita asubuhi bila shida, na Jumanne inayofuata, ya bamvua, asubuhi hiyohiyo maji yamepwa, mchanga uko nje, na nahodha azunguke baharini. Wakati wa kusi huko nje si mahali pa kumpitisha mgonjwa asiyeweza kujishika kwa mikono miwili. Jedwali la maji hutolewa kwa mwaka mzima. Siku za kliniki zipangwe juu yake, na nahodha aulizwe kabla daktari hajaulizwa.

Sanduku la safari lina tabaka tatu: tyubu, kisha chombo kisichovuja chenye kitu cha kunyonya maji yote ikitokea imepasuka, kisha sanduku gumu la nje lenye alama ya UN3373, namba ya kimataifa ya sampuli za wagonjwa, ndani ya mraba uliosimama kwa pembe, kila upande wa mraba huo usiopungua milimita 50. Moja kati ya tabaka mbili za ndani listahimili shinikizo la kilopaskali 95, maana ndege ya kutoka Manda nayo hupanda juu. Boksi la samaki halihesabiki, hata likioshwa. Vibarafu vilivyotoka friza moja kwa moja huigandisha sampuli iliyotakiwa ipoe tu. Viachwe nje mpaka vitoe jasho na ukivitikisa usikie maji ndani. Watu wa chanjo wanalijua hili miaka mingi, na bohari yao iko jirani. Barafu kavu ina nyuzi 78.5 chini ya sifuri na haiyeyuki kuwa maji. Hugeuka hewa ya kabonidayoksaidi. Ukiifunga pasipo tundu, sanduku hulipuka. Ukiiweka ndani ya kibanda cha boti, nahodha husinzia. Ikae wazi, upande upepo unapotokea kwenda nje. Sanduku la povu la kawaida hupoteza kilo kadhaa kwa siku, basi iagizwe mara mbili ya inayohitajika. Ndege ikichelewa kutwa moja hakuna duka la kuongezea.

Watafiti wengine watataka chembe hai za damu. Hapo muwe wagumu. Damu ya heparini (dawa ya kuizuia isigande) kwa kazi hiyo isiwekwe kwenye barafu hata kidogo, na inatakiwa itenganishwe ndani ya saa chache, igandishwe polepole kwa nyuzi 1 kila dakika, kisha iishi kwenye naitrojini ya maji. Kisiwa hiki leo hakijajipanga kwa hilo. Kukubali halafu kupeleka chembe zilizokufa ni kupoteza damu ya watu.

Ridhaa. Fomu huja kwa Kiingereza, kurasa nyingi, na tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa Nairobi au kompyutani, ambamo maji ya mgongo huitwa majina yasiyoeleweka na mtu yeyote wa Langoni wala Mkomani. Na itafsiriwe hapa, isomwe kwa sauti mbele ya watu wa mitaa, irudishwe kwa Kiingereza na mtu mwingine ambaye hajaiona fomu ya kwanza, ndipo ipelekwe kwenye kamati ya maadili. Kumbukeni ni wagonjwa gani hawa: mmoja haoni vizuri kwa sababu ya neva ya jicho, mwingine mkono unatetemeka hawezi kutia sahihi. Herufi ziwe kubwa, kuwe na shahidi asiye mfanyakazi wa mradi, dole gumba likubaliwe. Swali la kwanza huwa lilelile: nitapooza? Jibu lipo: uti wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingia chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano. Swali la pili ni kama mgongo utakauka. Mwili hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kwa siku. Mililita 12 hurudi kwa kitu kama nusu saa. La tatu ndilo linalowahusu ninyi: sampuli inakwenda wapi, itakaa miaka mingapi, nani anaruhusiwa kuitumia kwa jambo jingine, na nikibadili nia? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki juu ya habari zake, na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, hakimfungi mdomo. Msitie sahihi mkataba wa kupeleka sampuli nje usiosema idadi ya vichupa vinavyoondoka, idadi inayobaki Kenya, na njia ya kuviharibu mtu akijitoa.

Katika Ramadhani wengi husita kutolewa maji ya mgongo wakiwa wamefunga. Wasibembelezwe, ziara isogezwe baada ya Idi.

Vipimo vya mwendo vinastahili neno moja zaidi, maana hapo jua la Amu huingia kwenye takwimu. Mgonjwa hutembea mita 7.62 kwa haraka anayoiweza, mara mbili, na muda hupigwa wastani. Joto la mwili likipanda, neva iliyovuliwa mayelini hupitisha habari vibaya zaidi: macho hufifia, miguu hulegea, kisha mtu akipoa hurudi alivyokuwa. Wilhelm Uhthoff aliliona hilo mwaka 1890. Mtu aliyetoka gatini kwa miguu saa sita mchana, akapanda ngazi, akapimwa papo hapo, amepimwa jua. Miezi sita baadaye akipimwa asubuhi wakati wa kusi ataonekana amepona, na dawa itasifiwa bure. Pimeni asubuhi, kwenye ukumbi wenye kivuli uliopimwa na kutiwa alama sakafuni, baada ya mapumziko ya nusu saa, na joto la chumba liandikwe kwenye fomu. Choo kiwe karibu na kiwe wazi; kibofu cha wengi wao hakingoji, na wengine hukataa kupanda boti kwa aibu hiyo tu. Nauli irudishwe siku hiyohiyo, taslimu au kwa simu, na ya anayemsindikiza pia.

Manahodha na wasafishaji wachanjwe homa ya ini B kama sisi wengine. Kila sanduku lifuatane na glavu, vitambaa na klorini ya asilimia 0.5. Aliyechomwa na sindano aanze dawa ya kinga ya VVU ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora, kwa hiyo ajue aende kwa nani hata iwe usiku.

Ombi la mwisho ni dogo kuliko yote na ndilo linaloshindikana. Umeme hukatika Ijumaa jioni. Jenereta ndogo huhitaji kiasi cha lita 20 za mafuta kuvuka usiku mmoja. Mafuta yanahitaji sahihi, na mwenye sahihi yuko bara hadi Jumatatu. Tunaomba aliye zamu ya maabara apewe idhini ya maandishi ya kununua hadi lita 60 kwa mwisho wa wiki mmoja, na fedha zake zikae katika sanduku dogo la hospitali, kwa risiti. Rasimu ya idhini hiyo ni ukurasa mmoja. Tumeiambatisha na barua hii, nafasi ya sahihi iko chini kulia.

Ni sisi wahudumu wa maabara, wauguzi, wasaidizi wa utafiti na manahodha,
Amu